Siku sita na Mjomba: tukimfuata Red Rum na wenzake

Mjomba wangu alikuwa na baiskeli aliyoiita Redi Ramu. Sisi watoto wa Dagoretti tulidhani ni jina la pombe, maana kila alipoipanda Jumamosi jioni alirudi akiimba. Miaka ilipita, nikaja kuishi Reading, na siku moja televisheni ikaonyesha farasi wa zamani akiruka viunzi. Mtangazaji akataja jina: Red Rum. Nilimpigia simu Mjomba papo hapo. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe siku zote hizi ulidhani ni pombe?"

Mjomba alikuwa saisi. Zaidi ya miaka thelathini aliwatunza farasi wa mbio katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Alianza kazi akiwa kijana, siku ambazo mkufunzi maarufu Beryl Markham alikuwa bado anaonekana pale na farasi wake. Sasa ana miaka sabini na minne, na magoti yamechoka. Alipopata viza ya kunitembelea nilimpangia Big Ben, mto Thames na vinginevyo. Akaniambia, "Mama, hayo yote nimeyaona kwenye kalenda. Nipeleke kwa Redi Ramu."

Nimerejea kazini, naye amerudi nyumbani. Haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari lake, picha za simu yangu na risiti nilizozikuta zimejaa kwenye mlango wa gari.

Jumatano: Reading hadi Kempton

Kutoka kwangu hadi uwanja wa Kempton Park ni dakika arobaini. Tulitumia saa moja na nusu, maana barabara ya M25 jioni ile ilisimama kama imepigwa msumari. Mjomba aliangalia taa nyekundu za magari mbele yetu akasema, "Hii ni Ngong Road, ila hakuna wa kutuuzia njugu."

Kwa atakayefuata: acha gari nyumbani. Kuna kituo cha treni kinachoitwa Kempton Park kando ya uwanja wenyewe, na treni zinatoka London Waterloo. Tiketi za mbio za usiku si ghali. Sisi wawili hatukufika pauni 30.

Mbio za usiku ule zilikuwa za tambarare, bila viunzi, chini ya taa, juu ya mchanga wa bandia. Viunzi hurukwa kwenye nyasi, na siku kubwa ya Kempton ni tarehe 26 Desemba, ambapo hushindaniwa mbio kubwa ya viunzi iitwayo King George. Sisi hatukufuata mbio. Tulifuata sanamu mbili.

Ya kwanza ni ya Desert Orchid, yule farasi mwenye rangi ya jivu ambaye Waingereza walimpa jina la kubembeleza, Dessie. Alishinda King George mara nne: 1986, 1988, 1989 na 1990. Alipenda kukata kona kulia, kama ilivyo Kempton, na Cheltenham, ambako kona ni za kushoto, alikuwa anahangaika. Ndiyo maana watu hawasahau Gold Cup, mbio kuu ya Cheltenham, ya 1989. Theluji ilianguka asubuhi ile, uwanja ukawa tope tupu, kona za kushoto zisizo zake, na bado akampita Yahoo karibu na mwisho. Alikufa Novemba 2006 na majivu yake yapo hapa hapa.

Jirani yake ni Kauto Star, mzaliwa wa Ufaransa, aliyeshinda King George mara tano na kuchukua Gold Cup 2007 na 2009. Katikati ya miaka hiyo alinyang'anywa taji na Denman, waliyelala naye zizi moja kwa mkufunzi mmoja, Paul Nicholls. Kabla yake hakuna farasi aliyewahi kupoteza Gold Cup akarudi kuitwaa tena.

Mimi nilipiga picha. Mjomba aliinama, akashika mguu wa mbele wa sanamu, akaupapasa taratibu kwa kidole gumba kutoka goti hadi kwato, kama daktari anayetafuta uvimbe. "Fundi huyu amesoma farasi," akasema. "Ameweka mishipa mahali pake." Kisha akasimama akasoma kibao kwa sauti: jina la farasi, mbio alizoshinda. Akamgeukia mhudumu aliyekuwa karibu na kumuuliza kwa Kiingereza chake cha Ngong saisi wa farasi huyu aliitwa nani. Kijana wa watu akatabasamu, akasema ataulizia. Hakurudi.

Alhamisi

Mvua. Nilipika chapati kumi na nne za safari, Mjomba akalala.

Ijumaa: Cheltenham

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya A417 inayoshuka kwenda Cheltenham ilikuwa kwenye ujenzi, magari yakitambaa mmoja mmoja. Mwisho wa Oktoba ndipo uwanja wa Cheltenham hufungua msimu wake, na tiketi za siku hizo ni nafuu mno kuliko za tamasha la Machi. Sisi tulilipa karibu pauni 50 kwa wawili. Wenyeji waliniambia Machi hupati hata kitanda cha kulala mjini kwa bei ya kibinadamu.

Egesho ni uwanja mzima wa nyasi. Watu walikuwa wamefungua buti za magari, wametandaza vitambaa, wanakula saa nne asubuhi kama wako harusini. Sisi tulitoa chapati na maharagwe na chupa ya chai. Familia iliyokuwa kando yetu ilitutazama, sisi tukawatazama, na baada ya muda mama mmoja akaja na sahani ya mikate ya nyama, akauliza kama tungependa kubadilishana. Chapati sita ziliondoka. Mume wake alikula mbili bila kitoweo, akaniuliza zinapikwa kwa siagi gani. Nikamwambia ni mafuta ya kawaida na mkono wa mama yangu.

Ndani, uwanja umelala chini ya kilima cha Cleeve, na kokote ukigeuka kuna farasi wa shaba. Golden Miller, aliyeshinda Gold Cup miaka mitano mfululizo, 1932 hadi 1936, na mwaka 1934 akaongeza Grand National, ile mbio ndefu ya viunzi ya Aintree. Dawn Run, jike pekee katika kundi hili, na farasi pekee aliyewahi kushinda Champion Hurdle, mbio kuu ya viunzi vifupi, na Gold Cup pia. Kombe la pili alilichukua Machi 1986, na Juni mwaka huo huo akaanguka na kufa mbioni Auteuil, Paris. Best Mate, Gold Cup tatu mfululizo, 2002 hadi 2004, ambaye moyo wake ulisimama uwanjani Exeter Novemba 2005. Mjomba alikuwa anasoma tarehe na kutikisa kichwa. Mchezo huu humtoa machozi mtu anayependa farasi, na hakuna haja ya kuficha. Nilimuuliza kama anaona ni ukatili. Akafikiri. "Mimi niliwazika wanne," akasema, na hakuendelea.

Halafu tukamfikia Arkle.

Hapo tulimkuta mzee wa Kiayalandi, kofia ya sufu kichwani, amesimama mbele ya sanamu kama mtu aliyemtembelea ndugu. Ndiye aliyetueleza habari zote, na mimi nilikwenda tu kuzihakiki baadaye. Arkle alizaliwa 1957, akapewa jina la mlima wa Uskoti. Mkufunzi alikuwa Tom Dreaper, joki Pat Taaffe. Gold Cup alichukua 1964, 1965 na 1966. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba wapanga uzito wa Ireland, wanaoamua kila farasi abebe kilo ngapi ili ushindani uwe sawa, walilazimika kutengeneza orodha mbili, moja ya siku ambazo Arkle anashiriki na nyingine ya siku ambazo hayupo. Ukimwekea uzito unaomstahili yeye, wenzake wote wanabaki wamebeba uzito wa chini kabisa na ushindani unakufa. Barua za mashabiki zilikuwa zinaandikwa "Arkle, Ireland" tu, na zinafika. Desemba 1966, Kempton, alivunjika mfupa ndani ya kwato katikati ya mbio, akaendelea hadi mwisho, akawa wa pili. Hakushindana tena.

"Ninyi mmetoka wapi?" mzee akauliza.

"Kenya."

"Aa! Ninyi ndio mnaoruka viunzi na maji kwa miguu yenu wenyewe." Akatueleza kwamba jina la mchezo kwa Kiingereza, steeplechase, limetokana na mnara wa kanisa, kwa sababu mwaka 1752 watu wawili wa Cork walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile, wakikata mashamba, wakiruka kuta na mitaro, macho kwenye mnara. Kwa hiyo medali zote za vijana wetu wa Bonde la Ufa katika mchezo huo zina babu yake Ireland. Mjomba alilifurahia hilo kuliko chakula.

Kisha akauliza lile swali lake. Saisi wake aliitwa nani?

Mzee hakusita hata kidogo. "Johnny Lumley."

Mjomba akatoa daftari. Akamwomba amwandikie mwenyewe. Wakasimama pale wazee wawili, mmoja ameshika daftari, mwingine anaandika kwa kalamu ya kubetia, watu wakiwapita na glasi mikononi.

Mchana tulikaa kando ya uwanja mdogo ambako farasi huzungushwa kabla ya mbio. Mjomba hakutazama majoki wala nguo zao za rangi. Alitazama miguu tu. Kabla ya mbio ya tatu akaninong'oneza, "Yule wa saba, mguu wa kushoto wa nyuma hauko sawa. Huyo hamalizi." Wa saba alishinda, tena kwa mbali. Mjomba hakusema kitu kwa nusu saa. Baadaye tulimkuta msichana aliyekuwa akimwongoza farasi yule, Mjomba akamweleza kosa lake, msichana akacheka na kusema ni kweli, farasi huyo hutembea hivyo tangu utotoni. Akamruhusu amguse shingo. Farasi alikuwa bado anatoka mvuke.

Kwa atakayefuata, na hili ni muhimu kwa wageni wenye pasipoti zetu: viza ya Uingereza haikuingizi Ireland. Mifupa ya Arkle imesimamishwa kwenye makumbusho ya Irish National Stud, Kildare, na mpango wangu ulikuwa tupande meli. Nilipogundua kwamba Mjomba angehitaji viza nyingine kabisa, muda ulikuwa umekwisha. Omba zote mbili mapema.

Jumamosi: kwenda kaskazini

M5, kisha M42, kisha M6, kisha M58, kisha barabara ndogo inayopita Ormskirk hadi Southport. Tulilipia ile barabara ya kulipia inayozunguka Birmingham, karibu pauni 10. Mjomba aliona ni wizi mpaka alipoona mwendo wetu.

Nyumba ya wageni niliyolipia kwenye simu ilikuwa imetuandika mwezi ujao. Kosa lao, ila pesa zangu. Mwenye nyumba alituonyesha kompyuta kama vile kompyuta ndiyo iliyokosa adabu. Saa mbili usiku, baridi ya bahari, mzee wa miaka sabini na minne amekalia sanduku kwenye ngazi. Mama aliyekuwa anatoa takataka nyumba ya tatu akatuuliza kulikoni. Dakika kumi baadaye tulikuwa jikoni kwake. Alitupa vyumba viwili kwa pauni 60, na jioni hiyo akatukaribisha kamba wadogo wa Southport waliohifadhiwa kwenye siagi yenye viungo, wakipakwa kwenye mkate wa moto. Mjomba aliuliza kama kuna pilipili. Haikuwapo. Alikula wote.

Jumapili: Aintree

Mjomba alinigongea saa kumi na mbili kasorobo akiwa amevaa suti. Nikamwambia ni mapema. Akanionyesha saa yake. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja. Simu yangu ilijua, saa yake ya Nairobi haikujua. Aliketi kitandani na suti yake, mikono magotini, akangoja.

Kutoka Southport unapanda treni hadi Sandhills, unabadilisha, unashuka kituo cha Aintree. Ukitoka kituoni uwanja uko mbele yako ng'ambo ya barabara. Usije na gari.

Watu wengi huijua Aintree kwa Grand National ya Aprili, yenye viunzi thelathini na zaidi ya kilomita sita. Siku hiyo ya Oktoba mbio hukimbiwa kwenye njia ya ndani, na vile viunzi vikubwa vya matawi, pamoja na Becher's Brook, vinabaki kule mbali bila kazi. Afadhali. Unaviangalia kwa utulivu, na unaelewa kwa nini miaka ya karibuni wamepunguza farasi kutoka 40 hadi 34.

Kaburi liko karibu na nguzo ya kumalizia. Mjomba alitembea polepole kuliko magoti yake yalivyodai.

Lazima nieleze kwa nini. Jumamosi ya tarehe 2 Aprili 1977, saa kumi na moja na ushei jioni ya Nairobi, masaisi wa zizi lao walikusanyika kwenye redio ya mkubwa wao. Walichangiana shilingi tano tano. Farasi huyo walikuwa wanamfuatilia tangu 1973, aliposhinda kwa namna isiyoaminika: Crisp wa Australia, aliyebeba kilo kumi zaidi yake, alikuwa mbele sana baada ya kiunzi cha mwisho, kisha miguu ikamwisha, na Red Rum akampata hatua chache kabla ya nguzo. Dakika 9 na sekunde 1.9, rekodi iliyodumu hadi 1990. Mwaka 1974 akashinda tena, safari hii yeye ndiye mwenye mzigo mzito kabisa, kilo 76. 1975 wa pili. 1976 wa pili. Mwaka 1977 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na wajuzi walisema kazi imekwisha. Akashinda kwa urefu wa farasi ishirini na watano, Tommy Stack mgongoni. Grand National tatu. Hakuna mwingine aliyezifikisha.

"Redio ilikuwa inakwaruza," Mjomba alisema. "Tulisikia kelele tu za watu. Tukajua." Kwa mgao wake alinunua tairi mbili za baiskeli.

Kaburini tulimkuta mama mmoja mwenye nywele nyeupe akiweka karoti mbili kwenye jiwe. Alituambia aliwahi kumgusa Red Rum baada ya farasi huyo kustaafu, alipoletwa kufungua duka. Siku hizo alikuwa anaalikwa kama mheshimiwa, na 1977 ndiye aliyewasha taa za mapambo za mji wa Blackpool. Alikufa tarehe 18 Oktoba 1995, ana miaka thelathini, na alizikwa kichwa kikielekea nguzo. Mjomba alivua kofia. Mfukoni alikuwa na kipande cha sukari guru, amekibeba tangu Nairobi kwenye kitambaa. Akakiweka karibu na karoti. Mama yule akauliza ni nini, Mjomba akamwambia kwa Ngong ndicho wanachopewa washindi. Akamega kona kidogo akampa aonje.

Mbio za siku ile tuliziona, lakini katika daftari la Mjomba ukurasa wa Aintree una mstari mmoja tu: "Nyasi nzuri. Amelala vizuri."

Jumatatu: mchangani, halafu nyumbani

Saa moja asubuhi tulikuwa ufukweni. Southport maji yakitoka hutoka kweli. Unaona mchanga tambarare mpaka macho yachoke, na bahari ni uzi wa fedha kule mwisho.

Hapa ndipo siri ilipo. Ginger McCain, mkufunzi wa Red Rum, alikuwa muuza magari na dereva wa teksi, zizi lake likiwa nyuma ya duka la magari, Upper Aughton Road. Mmoja wa abiria wake wa teksi alikuwa mzee tajiri, Noel Le Mare, aliyetamani kushinda Grand National kabla hajafa. McCain alimnunulia Red Rum mnamo Agosti 1972 kwa gini 6,000, yaani pauni 6,300. Walipomleta mazoezini wakakuta anachechemea: ugonjwa wa mfupa wa ndani ya kwato. Mkufunzi mwenye viwanja vya nyasi huenda angemrudisha. McCain hakuwa na kiwanja kingine ila ufuko huu, akampeleka majini, na farasi akatoka akitembea sawa. Miezi saba baadaye alimpata Crisp.

Tulipita mtaani Upper Aughton Road tukitoka. Ni mtaa wa kawaida, maduka na magari. Usipojua utapita.

Lakini kabla ya hapo, mchangani, Mjomba alivua viatu na soksi. Nikamkemea, maana baridi ilikuwa ya kukata. Akaingia kwenye dimbwi lililoachwa na maji, yakamfika vifundoni, akasimama. "Sisi tulikuwa tunatia chumvi kwenye ndoo," akasema. "Ndoo moja, mguu mmoja, nusu saa. Ukimaliza wa nne, mgongo umekufa." Akatazama bahari yote ile. "Huyu jamaa alikuwa na ndoo kubwa."

Akaniomba chupa ya soda, akaijaza. Alitaka kuwapelekea vijana wa Ngong.

Safari ya kurudi Reading ilikuwa saa tano na haina la kusimulia, isipokuwa mafuta: kwa siku zote yalitugharimu pauni 94.

Wiki iliyofuata, uwanja wa ndege, sanduku lake lilizidi kilo mbili. Tulilifungua sakafuni mbele ya foleni nzima. Akatoa jaketi, akalivaa. Akatoa viatu, akavibeba. Bado likazidi. Akanipa chupa. Iko dirishani jikoni kwangu, maji yamekuwa maangavu na mchanga wa Southport umetuama chini, unene wa kidole kimoja.